Mkono mzuri hautoshi: Somo la karata kwa wanaotaja dau kati ya Kiunga na Kismayu

Mei 15, 2023, ilitangazwa kwamba mpaka wa Kenya na Somalia, uliofungwa rasmi tangu 2011, ungefunguliwa kwa awamu. Bula Hawa na Mandera ndani ya siku 30. Dhobley na Liboi siku 60. Ras Kamboni na Kiunga, upande wa baharini, siku 90.

Kwa anayefanya biashara kati ya Lamu na Kismayu, tangazo lile lilikuwa na tarehe ndani yake. Ukihesabu siku 90 unafika katikati ya Agosti, wakati kusi linaanza kulegea. Zilikuwepo wiki chache za kuamua: uagize mzigo sasa, ulipie ghala na umpe nahodha arubuni, au ukae kimya uone? Julai 5, baada ya mfululizo wa mashambulizi upande wa Kenya, serikali ya Nairobi ikaahirisha mpango mzima. Siku 90 hazikutimia.

Nani alikosea, aliyetia fedha mwezi Mei au aliyekaa kimya? Jibu la haraka la barazani ni kwamba aliyetia fedha ndiye mjinga. Mimi sikubaliani nalo, walau si hivyo hivyo, na sababu yangu nimeipata kwenye karata. Kuna mchezo mmoja ambao swali hili limepigiwa hesabu kwa karibu miaka 100, usiku baada ya usiku, na watu wanaoandika kila walichotaja na kila walichopata. Unaitwa briji ya mkataba.

Mikataba miwili ya 1925

Mwaka 1925 una maana yake kwenye pwani hii. Katikati ya mwaka huo Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland: mji wa Kismayu na bandari yake, nchi yote iliyo kusini-magharibi mwa Mto Juba, na mlolongo wa visiwa vya Wabajuni, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na wenzake, hadi Ras Kamboni. Yalikuwa malipo ya Italia kwa kuingia Vita Kuu ya Kwanza upande wa Uingereza na Ufaransa. Wabajuni hawakuulizwa. Watu waliovua bahari moja na kuozana mabinti wakajikuta na serikali mbili, Kiwayu na Faza huku, Chula na Koyama kule.

Oktoba 31 ya mwaka huohuo, ndani ya meli ya Finland iliyokuwa ikielekea Havana kupitia mfereji wa Panama, tajiri wa Kimarekani Harold Vanderbilt aliwapa wenzake watatu kanuni mpya za kuhesabu pointi. Kabla ya hapo ilichezwa briji ya mnada. Ungeweza kuahidi kidogo, ukala nyingi, na zote ukaandikiwa. Vanderbilt akasema hapana: zawadi kubwa ni ya yule tu aliyeahidi mapema. Ukila raundi 10 na uliahidi 8, unalipwa kama mtu wa 8, na zile mbili za ziada ni vijisenti.

Badiliko hilo moja ndilo lililoufanya mnada uwe roho ya mchezo. Tangu siku hiyo haikutosha kuwa na karata nzuri. Ilibidi uzijue thamani yake kabla hazijachezwa, uitaje thamani hiyo mbele ya watu, na uishi na ulichokitaja. Mfanyabiashara hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Tulikuwa na karata zetu

Asije mtu akadhani kwamba pwani hii ilisubiri Mmarekani aifundishe karata. Majina tunayotumia yaliingia na Wareno: kopa, uru, shupaza na pao, ambayo wengine huiita maua. Turufu ni neno lao pia. Msomali naye huziita karata zenyewe turub, na sikio la mpwani halikosi kusikia undugu wa neno hilo na turufu yetu. Ree, karata yetu kubwa kuliko zote, ni neno la Kireno la mfalme, ingawa sisi tukalivika karata yenye alama moja. Maneno yakisafiri baharini hubadilisha nguo.

Mchezo mkubwa wa barazani ni wahedi wa sitini, maana yake sitini na moja. Wachezaji wanne, wawili kwa wawili wakikabiliana. Ree ina pointi 11 na saba ina 10. Zile tatu zenye picha huitwa wazungu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili. Kwa miaka mingi nilidhani ni majina tu, kumbe ni bei. Mzungu wa nne ni mfalme, pointi 4. Mzungu wa tatu ni yule kijana, jeki, pointi 3. Mzungu wa pili ni bibi, pointi 2. Jumlisha rangi zote nne upate 120. Nusu ni 60, na anayefika 61 ameshinda. Jina la mchezo ni hesabu yake.

Basi mchezaji wa wahedi wa sitini akikaa kwenye meza ya briji hakuti ugeni mkubwa. Ana mwenzake mbele yake, ana turufu, anajua kufuata rangi. Itabidi asahau vitu viwili: saba hapa ni saba tu, na bibi ni mkubwa kuliko jeki. Kwa kuwa wazungu wa nne, wa tatu na wa pili wanaweza kutuchanganya, nitasema kingi, bibi na jeki.

Kinachokosekana kwenye wahedi wa sitini ni mnada. Kule unapewa karata unacheza. Kwenye briji, kabla ya karata ya kwanza kuwekwa chini, wanne wote hutaja dau kwa zamu.

Mnada wenyewe

Karata ni 52, kila mtu 13, kwa hiyo raundi ni 13. Anayetaja dau anaahidi raundi sita na zaidi. "Shupaza moja" maana yake: mimi na mwenzangu tutakula raundi saba, shupaza ikiwa turufu. "Shupaza nne" ni raundi kumi. Rangi zina ngazi: pao chini kabisa, kisha uru, kopa, shupaza, na juu yake "bila turufu". Kila anayefuata lazima apande ngazi au aseme anapita. Dau la mwisho ndilo mkataba.

Zawadi kubwa ya kwanza inaanzia kwenye kopa nne au shupaza nne, au tatu bila turufu, au pao tano na uru tano. Hapo unaongezewa 300, au 500 ikiwa upande wako umepangiwa kuwa "hatarini". Juu zaidi kuna mkataba wa raundi 12, wenye nyongeza nyingine ya 500 au 750, na ule wa raundi zote 13, wenye 1,000 au 1,500. Ukishindwa kutimiza, kila raundi iliyopungua unatozwa 50, au 100 ukiwa hatarini, na wapinzani wakiwa wametangaza kwamba hutafika tozo hupanda sana.

Hapo ndipo shida inapoanza. Unaona karata 13 tu. Za mwenzako huzioni, na za wapinzani huzioni. Ulicho nacho ni maneno ya watu watatu.

Wageni wa mchezo hufundishwa hesabu rahisi iliyoenezwa na Mmarekani Milton Work: ree 4, kingi 3, bibi 2, jeki 1. Zote pamoja ni 40. Wewe na mwenzako mkiwa na 25 au 26, jaribuni zawadi ya kwanza. Mkiwa na 33, fikirini raundi 12. Ni hesabu nzuri kama bei elekezi zilivyo nzuri: zinakuwezesha kuingia sokoni bila kudhulumiwa, lakini hazikufanyi kuwa mfanyabiashara.

Jahazi lilelile, mwezi mwingine

Tazama mikono hii miwili. Katika yote miwili mwenzako amefungua kwa shupaza moja, nawe umemwunga mkono kwa shupaza mbili. Kisha yeye akasema uru tatu. Kwa makubaliano ya wachezaji wengi maneno hayo yana maana hii: nataka kwenda shupaza nne, ila nina udhaifu kwenye uru, je, unaweza kunisaidia?

Mkono wa kwanza. Shupaza: bibi, 8, 6, 3. Kopa: 7. Uru: ree, 9, 5, 4, 2. Pao: jeki, 8, 3.

Mkono wa pili. Shupaza: bibi, 8, 6, 3. Kopa: kingi, jeki, 4. Uru: 9, 5, 2. Pao: jeki, 8, 3.

Hesabu pointi. Wa kwanza una 7, na wa pili pia una 7. Kwa bei elekezi ni mzigo mmoja. Lakini mwenye mkono wa kwanza anaruka hadi shupaza nne bila kusita: ree yake iko palepale mwenzake anapoumia, na ile kopa moja maana yake ni kwamba raundi ya pili ya kopa ataikata kwa turufu. Mwenye mkono wa pili anarudi shupaza tatu na kunyamaza. Pointi zake ziko kwenye kopa, mahali ambapo mwenzake hakuomba kitu, na kwenye uru ana takataka tatu zitakazoliwa moja baada ya nyingine.

Hukumu ya mnada ndiyo hiyo. Thamani ya ulichoshika haiko kwenye ulichoshika. Inabadilika kwa kila neno linalosemwa mezani, na mchezaji mzuri anaupima mkono wake upya kila zamu inapomfikia. Kingi ya kopa ikiwa mkononi mwako na mpinzani wa kulia akataja kopa, furahi. Yeye hucheza kabla yako, na akiitoa ree utaiona ndipo uamue. Akitaja kopa mpinzani wa kushoto, kingi ileile imeanza kunuka, kwa sababu ree huenda inakusubiri nyuma.

Nahodha wa Chula au Koyama anayajua haya bila karata. Jahazi analoendesha Januari, kaskazini ikivuma kwa utulivu, ni jahazi lilelile la Julai. Mbao zilezile, injini ileile, mabaharia walewale. Lakini Julai, kusi likiwa limeichafua bahari kuanzia Ras Kamboni kwenda juu, thamani yake imeshuka, na anayelikodi kwa bei ya Januari amehesabu pointi bila kusikiliza meza. Kamba mbichi wa Bajuni ni vivyo hivyo. Wakiwepo barafu na mnunuzi ni ree. Visipokuwepo ni kingi iliyo mbele ya ree ya mtu mwingine.

Asilimia 37 na nusu

Sasa niingie kwenye hesabu, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu hawaogopi hesabu.

Katika mashindano ya timu, tofauti ya pointi hugeuzwa kuwa alama kwa jedwali maalumu. Chukua uamuzi wa kila siku: uko hatarini, ubaki shupaza tatu au uende nne? Ukienda nne na ukala raundi 10 unaandikiwa 620. Aliyebaki tatu akala hizohizo 10 anaandikiwa 170. Tofauti ni 450, ambayo kwenye jedwali ni alama 10. Ukienda nne na ukala 9 tu, unatozwa 100, ilhali yule wa tatu anapata 140. Tofauti ni 240, alama 6.

Kwa hiyo ukifaulu unachuma 10 na ukishindwa unapoteza 6. Fanya hivyo mara 16. Ukifaulu mara 6 umechuma 60, ukishindwa mara 10 umepoteza 60. Umetoka sare. Sita katika kumi na sita ni asilimia 37.5. Maana yake ni kwamba mkataba wenye nafasi ya asilimia 40, ambao utaanguka mara nyingi kuliko utakavyosimama, bado ni sahihi kuutaja. Usipokuwa hatarini faida hushuka hadi 6 na hasara ni 5, basi unahitaji karibu asilimia 45.

Kuna aina nyingine ya mashindano, ya jozi, ambako hawahesabu umeshinda kwa kiasi gani. Wanahesabu ni jozi ngapi umezipita. Huko hadi asilimia 50 ndipo utaje. Karata ni zilezile na nafasi ni ileile, lakini jibu limebadilika kwa sababu malipo yamebadilika.

Nilipoielewa hesabu hii kwa mara ya kwanza, nikiwa chuoni, nilijiona nimepata ufunguo wa dunia. Wiki hiyohiyo nikataja raundi 12 mara tatu na nikaanguka mara tatu. Mwenzangu wa meza alinitazama tu. Hakusema kitu, na kwenye briji hiyo ndiyo adabu.

Lakini mfanyabiashara aongeze kitu ambacho jedwali halina. Mchezaji akipoteza alama 6, mkono unaofuata anaanza na karata 13 kama kawaida. Wewe ukipoteza mzigo, huenda mkono wa nne hutapewa. Faida ya shilingi 100,000 dhidi ya hasara ya 60,000 ni sawa na zile 10 na 6, na kwa asilimia 40 inafaa kujaribu, mradi hizo 60,000 si mtaji wote. Kwa anayetoka na fedha ya mkopo wa jamaa na mashua moja ya kukodi, 37.5 ni namba ya hatari. Wachezaji matajiri na wafanyabiashara matajiri wana kitu kimoja cha pamoja: wanaweza kumudu kuwa sahihi kwa muda mrefu.

Maneno 38

Mnada wa briji una maneno 38 tu. Madau 35, ngazi saba za rangi nne na "bila turufu", pamoja na "napita", "maradufu" na "maradufu tena". Hakuna jingine linaloruhusiwa. Huwezi kusema shupaza moja kwa sauti ya huzuni. Kwenye mashindano hata midomo haitumiki: kila mchezaji ana kisanduku chenye vikadi vilivyochapwa madau, anatoa kimoja na kukiweka mezani. Mbajuni wa Kismayu, Mgosha wa Jamaame na Mwitaliano wa Napoli wanaweza kucheza saa nne bila lugha ya pamoja.

Ukitaka kuona kinyume chake nenda kwenye soko la mifugo la Wasomali. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, na bei hupita kwa kubana vidole. Aliye pembeni haoni kitu. Ni ustadi, nao una heshima yake, kwa sababu pale siri ni haki ya wawili wanaouziana. Kwenye briji siri kati ya wawili ndiyo jinai kubwa. Wewe na mwenzako mnaruhusiwa kupatana kwamba neno fulani lina maana fulani, lakini mapatano hayo lazima yaandikwe na wapinzani wana haki ya kuuliza. Barazani mtu akimkonyeza mwenzake tunacheka na kumtania. Huko anafungiwa.

Nao wamefungiana. Mwaka 1975, kwenye ubingwa wa dunia wa Bermuda Bowl, Waitaliano Gianfranco Facchini na Sergio Zucchelli walikemewa kwa kugusana miguu chini ya meza. Mwaka huohuo lilikuwa limeanza kutumika pazia la kuwazuia wenza wasionane nyuso, ila pazia lenyewe halikufika sakafuni. Mwaka 2015 Boye Brogeland wa Norway aliwashutumu hadharani Lotan Fisher na Ron Schwartz wa Israel, watu aliokuwa amecheza nao timu moja na kushinda nao. Kanda za video zilionyesha kwamba mahali walipouweka ule ubao wa kubebea karata palimweleza mwenza aanze na rangi gani. Brogeland aliyarudisha mataji aliyokuwa ameyapata pamoja nao.

Naona hapa kuna jambo linalotuhusu. Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Entebbe, Desemba 15, 2023, ikawa mwanachama kamili Machi 4, 2024. Sheria za forodha za jumuiya ni maneno machache yaliyoandikwa, yanayotakiwa kuwa na maana moja Namanga, Mutukula na Kiunga. Mfanyabiashara mdogo hateswi sana na ushuru ulioandikwa. Anateswa na miguu inayogusana chini ya meza.

Karata zilezile, meza nyingine

Bado mtu atasema yote haya ni bahati. Aliyepata ree nyingi ameshinda. Wenye mashindano walilitatua hilo kwa kitu rahisi mno: karata hazichanganywi tena. Kila mkono ukishachezwa hurudishwa kwenye ubao wenye mifuko minne na kupelekwa meza nyingine, ambako watu wengine huzishika karata zilezile. Katika mechi ya timu, wenzako wawili wamekaa chumba cha pili, upande ambao wapinzani wako wameukalia hapa kwako. Ukipata mkono mbovu, mpinzani mmoja kule ameupata mkono mbovu uleule. Kinacholinganishwa ni mlichofanya nao.

Ndiyo maana mchezo huu haukuhitaji fedha mezani ili uwe na makali. Kwenye pwani ya Kiislamu suala hilo ni zito: kamari ni haramu, na wapo wanaoziepuka karata hata pasipo dau la fedha. Kismayu yenyewe, ilipokuwa mikononi mwa al-Shabaab kuanzia 2008 hadi 2012, ilikuwa mahali ambapo burudani nyingi za kawaida zilikuwa kosa. Simlazimishi mtu. Nasema tu kwamba dau la briji ni ahadi ya raundi. Michezo ya Asia ya 2018, mjini Jakarta, iliipa briji medali kama michezo mingine. Wahindi Pranab Bardhan, mwenye miaka 60, na Shibnath Sarkar, 56, walichukua dhahabu ya jozi za wanaume. Bambang Hartono wa Indonesia, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi hiyo, alivaa shaba akiwa na miaka 78.

Afrika nayo imo. Mwigizaji Omar Sharif aliiongoza timu ya Misri kwenye olimpiadi ya briji ya 1964, New York. Shirikisho la dunia, lililoundwa 1958, linaihesabu Afrika kuwa kanda yake ya nane, na Kenya ina chama chake. Lakini tuseme kweli: upande wetu mchezo umebaki kwenye klabu za wenye nafasi, mbali na baraza za Faza na Kismayu ambako wazee wanaokumbuka kila saba iliyotoka hawajawahi kupewa kile kisanduku cha vikadi.

Tuurudie mkono wa Mei

Sasa nirudi kwa yule wa Mei 2023. Kwanza, kuna meza aliyotakiwa kuisikiliza. Biashara ya miraa ilisitishwa na Somalia Machi 2020 na haikufunguliwa hadi Julai 2022, pamoja na mikutano yote ya katikati. Hilo ni neno la mchezaji aliyekwisha kusema. Tangazo la Mei 15 nalo ni dau zuri, lililotajwa wazi na wenye mamlaka, na aliyeagiza mzigo mdogo wiki hiyohiyo kwa faida kubwa alikuwa ndani ya ile asilimia 37.5 au juu yake. Simlaumu.

Lakini mnada uliendelea. Juni 14 siku 30 za Mandera zilitimia na lango la Bula Hawa lilikuwa bado limefungwa. Hakuna aliyetangaza kuahirisha. Karata ya kwanza tu ilikuwa imepita bila kuliwa. Kuanzia siku hiyo, wiki tatu kamili kabla ya Julai 5, mzigo wa Kiunga ulikuwa na thamani nyingine, kama ile kingi ya kopa baada ya mpinzani wa kushoto kufungua mdomo. Aliyelipa ghala Mei 20 na akasimama hapo, ameanguka kwa mkono mmoja, na hilo hutokea. Aliyeongeza fedha Juni 25 kwa sababu alikuwa ameshatia Mei, ndiye ningependa kumkalisha mezani.

Mashindano yakimalizika huchapwa karatasi zenye mikono yote minne ya kila ubao, na pembeni yake mikataba iliyokuwa inawezekana. Taa za ukumbi zinazimwa, na watu bado wamesimama mlangoni na karatasi zao, vidole kwenye ubao namba 17, wakibishana kama ile uru tatu ilistahili jibu.